Nisome Uzamili wa Elimu Maalumu, au Nibaki na Watoto wa Kitengo?

SWALI

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu katika shule moja ya msingi ya serikali mkoani Tanga, shule ya kawaida yenye kitengo cha elimu maalumu. Nilisomea stashahada ya elimu maalumu katika Chuo cha Ualimu Patandi, nikaajiriwa, na baadaye nikajiendeleza hadi nikapata shahada ya kwanza katika fani hiyohiyo. Kitengo chetu kina walimu wawili, dada mmoja msaidizi anayelipwa kwa michango ya wazazi, na wanafunzi 17. Kati yao 6 wana usonji (autism), ile hali ya ukuaji inayomfanya mtoto awasiliane na kuhisi mambo tofauti na wenzake, au niseme tunaamini wana usonji, kwa kuwa ni wawili tu waliowahi kufikishwa hospitali kubwa wakachunguzwa.

Chuoni usonji niliusoma kama mada moja ndani ya kozi ya ulemavu wa aina mbalimbali. Nilijua dalili, nikaziandika kwenye mtihani, nikafaulu. Darasani nimekutana na mambo ambayo mtihani haukuyauliza. Nina mvulana wa miaka 9 asiyetamka neno hata moja, ambaye kila kengele ya mapumziko inapogongwa (kwetu kengele ni rimu ya gari inayopigwa kwa chuma) hujing'ata mkono chini ya kidole gumba, mahali ambapo sasa pamefanya sugu, kisha hukimbilia getini. Nina msichana ambaye kwao wanazungumza Kidigo, nami namfundisha kwa Kiswahili; hasemi chochote kwa lugha hizo mbili, lakini huhesabu kwa Kiingereza mpaka mia na kutaja rangi zote, mambo aliyoyaokota kwenye katuni za simu ya mjomba wake. Mama yake ameniuliza kama waache kumsemesha Kidigo ili abaki na lugha moja, nami sikuwa na jibu ninaloliamini.

Ndiyo maana nataka kusoma shahada ya uzamili. Njia nilizoziona ni tatu. Kuna chuo kikuu kimoja hapa nchini kinachofundisha uzamili wa elimu maalumu kwa muda wa miaka miwili, lakini kipo mbali na nyumbani na usonji humo ni sehemu ndogo tu. Kuna chuo kikuu cha Uingereza kinachofundisha uzamili wa usonji kwa masafa, ambacho ada yake inazidi mbali sana mshahara wangu wa mwaka mzima. Na kuna kozi ya wiki chache kwenye intaneti, inayolipiwa kwa dola, inayoahidi kwamba nikimaliza nitatambulika kimataifa kama mtaalamu wa tabia za watoto wenye usonji.

Mume wangu hapingi, ila anauliza fedha tulizoweka kwa ajili ya kupaua nyumba zitarudi lini. Mwalimu mkuu ameniambia waziwazi kwamba wenye uzamili hawabaki vitengoni, na kwamba nikiondoka watoto hawa wataletewa mwalimu wa kuziba pengo tu. Wazazi nao wamesikia fununu. Bibi wa mtoto mmoja amenishika mkono akaniomba nikirudi nije na dawa ya mjukuu wake, ilhali mzazi mwingine anaamini mwanawe ana mashetani na humpeleka kwa mganga kila mwisho wa wiki.

Naomba uniambie kama nisome, nisome wapi, na niwaambie nini wazazi hawa.

Mwalimu wa kitengo, Tanga

JIBU

Marahaba, mwalimu.

Soma. Ile kozi ya wiki chache iache kabisa. Ya Uingereza iombe, lakini uisome iwapo tu utapata ufadhili wa kulipa ada yote. Na ya hapa nchini iendee ukiwa tayari na swali la utafiti ulilolitoa katika kitengo chako. Fedha za kupaua nyumba zisiguswe. Nitakueleza kwa nini nasema hivyo, na nitaanza na watoto, kwa sababu barua yako imeanza nao na nadhani majibu mengine yote yanatoka kwao.

Shahada ya uzamili haitakufundisha namna ya kumtuliza yule mvulana kengele inapolia. Hilo halisubiri barua ya udahili, unaweza kulianza Jumatatu. Chukua daftari, ugawe ukurasa safu tatu: kilichotokea kabla, alichofanya mtoto, na kilichofuata. Andika kila mara anapojing'ata, pamoja na saa, kwa wiki mbili au tatu, na uandike ulichokiona tu bila kukitafsiri. Ukiandika kwamba "alikasirika" hujaandika uchunguzi. Ukiandika kwamba aliziba sikio la kulia kwa bega, akafumba macho, akajing'ata mkono wa kushoto mpaka wenzake walipokwisha kutoka, hapo umeandika uchunguzi. Kurasa zikitosha utaanza kuona kama kinachomsumbua ni mlio wa chuma, au ni darasa zima kuinuka kwa kishindo, au ni kukatizwa kazi aliyokuwa hajaimaliza. Mambo hayo matatu hutokea kwa mpigo mmoja, na mtu asiyeandika huyaona kama jambo moja.

Ikiwa ni mlio, mtangulize upande wa mbali wa uwanja dakika chache kabla ya kengele, au mwombe mwalimu wa zamu kwa muda atumie filimbi, uone kama kujing'ata kunapungua. Ikiwa ni kukatizwa, mtengenezee ratiba ya picha: kadi ya kazi, kadi ya mapumziko na kadi ya kurudi darasani, zikiwa zimepangwa juu ya kipande cha kadibodi mezani kwake, naye mwenyewe aibandue ile iliyokwisha na kuitia mfukoni kabla hajanyanyuka. Na kabla ya yote hayo, omba wazazi wampeleke akaangaliwe meno na masikio. Mtoto asiyesema hana namna ya kukuambia kwamba jino linamuuma, na nimeona watoto wakiitwa wakorofi kwa miezi kumbe walikuwa na maumivu.

Sasa tazama utakachokuwa umefanya. Utakuwa umehesabu kabla ya kubadili chochote, umebadili jambo moja, kisha umehesabu tena. Huo ni mwanzo wa utafiti wa mhusika mmoja, ambamo kila mtoto hulinganishwa na yeye mwenyewe, aina ya utafiti inayotambulika vizuri katika elimu maalumu kwa sababu haihitaji mamia ya watoto. Watoto watatu au wanne waliochunguzwa kwa uangalifu wanatosha. Katika aina hiyo mtafiti mara nyingi huondoa badiliko lake kwa muda ili aone kama hali ya zamani itarudi, lakini kwa tabia inayomwumiza mtoto haifai kumrudisha kwenye maumivu kwa makusudi. Badala yake badiliko huanza kwa mtoto mmoja, baadaye kwa wa pili, kisha kwa wa tatu, kwa nyakati zinazopishana, na mtafiti hutazama kama kila mmoja anatulia pale badiliko lilipomfikia yeye. Kupanga jambo kama hilo, kulisoma kwa haki, na kukubali matokeo hata yanapokukatalia ulichokitarajia, ndiko kunakofundishwa katika uzamili uliofundishwa vizuri. Kwa hiyo usiende chuoni kutafuta majibu ya watoto wako 6. Nenda ukajifunze kuuliza kwa namna ambayo jibu lake litamfaa pia mwalimu wa kitengo cha Muheza au cha Lindi ambaye hutamwona maisha yako yote.

Haja ya walimu wa aina hiyo hapa kwetu ni kubwa kuliko watu wengi wanavyofahamu. Daktari Leo Kanner aliandika maelezo yake ya watoto 11 huko Baltimore, Marekani, mwaka 1943, na tangu wakati huo sehemu kubwa ya maarifa ya usonji imetokana na watoto wa Marekani na Ulaya. Mwaka 1978 Victor Lotter alichapisha utafiti wake wa kuwatafuta watoto wenye usonji katika miji ya nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, na akawapata. Wataalamu wa wakati ule walikuwa wakishuku kama hali hiyo ipo Afrika hata kidogo, kwa hiyo kazi yake ilikuwa na uzito. Lakini vipimo vinavyotumika kuwachunguza watoto vingi bado vilitungwa kwa Kiingereza, kwa kufuata michezo, vyombo na desturi za huko. Mtoto wa Tanga akipimwa kwa kutazamwa kama anamkazia macho mtu mzima anayemsemesha, mpimaji asiyejua kwamba mtoto wa huku amefundishwa kuinamisha macho mbele ya wakubwa anaweza kuandika dalili mahali penye adabu.

Hapo ndipo ninapomweka yule msichana wako. Mama yake mwambie asiache Kidigo. Tafiti zilizofanywa kwa watoto wenye usonji wanaokulia katika familia zenye lugha mbili hazijaonyesha kwamba lugha ya pili inawachelewesha, na mzazi aliyekatazwa lugha yake mara nyingi huishia kusema kidogo zaidi na mtoto, jambo ambalo ndilo lenye hasara. Hiyo hesabu ya Kiingereza nayo usiidharau. Walimu na wazazi wa nchi nyingi wanasimulia habari za watoto wenye usonji waliopata lugha kwenye skrini kabla ya kuipata kwa watu, kwa kuwa katuni hurudia sauti ileile kwa namna ileile kila siku. Ingia kwa mlango huo: akisema namba yake kwa Kiingereza, wewe mpe vifuniko vya chupa vya idadi hiyo huku ukiitaja kwa Kiswahili, na mama naye nyumbani afanye hivyohivyo kwa Kidigo wakati wa kupanga vikombe. Tasnifu inayofuatilia kwa makini watoto wachache wenye usonji wanaoishi kati ya Kidigo, Kiswahili na Kiingereza cha simu ingesomwa na walimu kutoka Tanga hadi Kwale, Kenya, na kwingineko. Ningekuwa wewe, hilo ndilo swali ningeondoka nalo.

Nije kwenye uchaguzi wa chuo. Unasema chuo cha hapa nchini kinaugusa usonji kwa sehemu ndogo, nawe umelichukulia jambo hilo kama kasoro ya kukikataa. Katika uzamili wenye tasnifu, nusu ya unachojifunza hutoka kwa msimamizi wako na kwa kazi unayoifanya mwenyewe, si kwa orodha ya kozi. Kwa hiyo kabla ya kulipa fedha ya maombi, andika barua kwa idara uulize ni nani angeweza kukusimamia, ameandika nini, na kama amewahi kufanya kazi na watoto wenye usonji au angalau na watoto wasiosema. Uliza kama kuna mafunzo kwa vitendo ambamo mtu mwenye uzoefu hukaa nyuma ya darasa, akakutazama ukifundisha, kisha akakwambia ukweli. Uliza kama utaruhusiwa kukusanya data katika shule yako mwenyewe, na utaratibu wa vibali vya utafiti na ridhaa za wazazi ukoje. Hakikisha programu inatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na tazama kama alama zako za shahada ya kwanza zinafikia kiwango cha udahili wao. Idara isiyoweza kujibu barua ya namna hiyo haitakujibu ukiwa katikati ya tasnifu.

Uliza pia wanafundisha mbinu zipi na kwa mtazamo gani. Kuna mafunzo ya tabia yanayoitwa ABA, ambayo yalipata nguvu baada ya Ivar Lovaas wa California kuchapisha matokeo yake mwaka 1987, kwa ratiba ya takriban saa 40 kwa wiki kwa kila mtoto, kiwango ambacho kitengo chako chenye walimu wawili hakiwezi hata kukiota. Kuna mfumo wa TEACCH uliokuzwa na Eric Schopler huko North Carolina, ambao mwaka 1972 ulifanywa kuwa huduma ya jimbo zima, nao hujengwa juu ya kulipanga darasa na siku ya mtoto kwa namna anayoweza kuiona kwa macho. Kuna PECS ya Andy Bondy na Lori Frost, iliyoanza mwaka 1985, ambamo mtoto asiyesema hujifunza kukabidhi picha ili apate anachokitaka. Hizi mbili za mwisho unaweza kuzianza kwa kadibodi, mkasi na gundi. Watu wazima wenye usonji, hasa waliopitia mafunzo makali ya tabia walipokuwa wadogo, wamesema na kuandika kwamba walifundishwa kuficha dhiki yao ili wafanane na wengine, na nadhani mwalimu yeyote wa uzamili asiyewapa wanafunzi wake nafasi ya kusoma maneno yao anawanyima jambo la msingi. Damian Milton, mwanasosholojia mwenye usonji, alitoa hoja mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati ya mtu mwenye usonji na asiye nao ni kwa pande zote mbili, wala si upungufu wa upande mmoja. Ukiisoma hoja hiyo vizuri utamtazama yule mvulana wa getini kwa jicho jingine.

Kuhusu kozi ya dola, nitasema kwa ufupi. Cheti kinachotambulika zaidi cha wachambuzi wa tabia hutolewa na bodi ya Marekani iitwayo BACB, na tangu mwaka 2023 bodi hiyo haipokei tena maombi mapya ya watu wanaoishi katika nchi nyingi za dunia, Tanzania ikiwemo. Anayekuahidi utambulisho wa kimataifa kwa wiki chache ukiwa Tanga anakuuzia karatasi.

Kozi za Uingereza ni jambo jingine. Chuo Kikuu cha Birmingham, kwa mfano, kina kituo cha elimu ya usonji ambacho kwa miaka mingi kimefundisha walimu walio kazini, wengine kwa masafa. Faida yake ni kwamba kila somo linaurudia usonji, na unasoma huku ukiendelea kufundisha. Hasara yake ni kwamba mifano mingi ni ya shule zenye chumba cha utulivu, mtaalamu wa usemi anayekuja kila wiki na mtoto mmoja kwa msaidizi mmoja, hivyo kazi ya kutafsiri hayo yote kuwa kitengo cha watoto 17 itakuwa yako peke yako usiku. Tume ya Ufadhili ya Jumuiya ya Madola huwa na ufadhili wa masomo ya masafa kwa raia wa nchi kama yetu, unaolipa ada huku mwanafunzi akibaki kwao, lakini hutolewa kwa kozi maalumu zinazotangazwa kila mzunguko. Kwa hiyo tazama kwanza orodha ya kozi, kisha masharti ya daraja la shahada, ndipo uandike maombi. Usikope kwa ajili ya ada ya Uingereza. Makato ya mkopo huo yatakaa kwenye mshahara wako muda mrefu kuliko masomo yenyewe, na mwalimu anayehesabu makato hawezi kuhesabu mara ngapi mtoto amejing'ata.

Ipo njia ambayo hukuitaja, nayo iko karibu nawe. Chuo Kikuu cha Kenyatta kimefundisha elimu maalumu hadi ngazi za juu kwa miaka mingi, na Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1986 na iliyopo Kasarani, Nairobi, hutoa mafunzo kwa walimu walio kazini. Kutoka Tanga kupitia mpaka wa Horohoro si safari ya kutisha. Hata kama hutasoma huko, likizo moja ukaombe ruhusa ya kutembelea kitengo cha usonji cha shule ya msingi ya City, Nairobi, kilichoanza mwaka 2003 kwa juhudi za chama cha wazazi, au vitengo vya Dar es Salaam kama kile cha Msimbazi Mseto. Kaa nyuma, tazama walimu wanavyopanga meza, wanavyowapokea watoto asubuhi, wanavyofanya mtoto anapolipuka. Siku mbili za namna hiyo zitakusaidia kuliandika swali lako la utafiti kuliko kusoma matangazo ya vyuo.

Mwalimu mkuu wako hakukutisha bure. Mfumo wetu huwavuta wenye shahada za juu kwenda sekondari, vyuoni na maofisini, na hilo linawaumiza watoto. Lakini dawa yake si wewe kukaa bila elimu. Nenda kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri, kwa maandishi na kupitia kwa mwalimu mkuu, uombe jina lako liingizwe katika mpango wa mafunzo wa mwajiri, na katika barua hiyohiyo ueleze kwamba utafiti wako utafanyika kitengoni na kwamba unaomba kurudi hapo. Barua iliyopo kwenye jalada hukusaidia kuliko ahadi ya mdomo. Usiondoke kituoni bila kibali cha masomo hata ukihakikishiwa kwamba kitakuja baadaye, kwa maana mtumishi asiye na kibali huhesabiwa mtoro. Uliza pia, kwa maandishi, kama shahada hiyo itabadili chochote katika cheo na mshahara wako, na ujiandae kusikia kwamba haibadili kitu kwa yenyewe. Hilo ndilo jibu la swali la mume wako, na anastahili kulisikia mapema: huenda fedha hizo zisirudi kabisa kwa njia ya mshahara. Mkikubaliana kusonga mbele mkijua hivyo, hakuna atakayemlaumu mwenzake. Ndiyo maana nimesema nyumba ipauliwe, na masomo yatafutiwe fedha yake.

Sasa wazazi. Yule bibi usimwache na tumaini la dawa hata siku moja zaidi. Keti naye, mwambie kwa upole kwamba usonji si ugonjwa wa kuponywa, kwamba mjukuu wake atakua nao, na kwamba unachokwenda kutafuta ni njia za kumfanya aelewe na aeleweke. Kisha mwonyeshe jambo moja ambalo mtoto ameliweza tangu aje kitengoni, alione kwa macho yake.

Kwa mzazi anayekwenda kwa mganga, usianze kwa kubishana. Joseph Gona na wenzake walichapisha mwaka 2015 utafiti walioufanya pwani ya Kenya, Kilifi na Mombasa, wakakuta wazazi wakitaja mashetani, uchawi na laana bega kwa bega na sababu za kitabibu, na wakizunguka kati ya mganga, viongozi wa dini na hospitali kwa mtoto yuleyule. Watu wa pande mbili za mpaka huu ni ndugu, kwa hiyo hilo halipaswi kukushangaza. Wala si sisi peke yetu tuliotafuta wa kulaumiwa. Huko Marekani katika miaka ya 1950 na 1960 wataalamu wenye vyeo walidai kwamba usonji unaletwa na mama asiyempenda mwanawe, mpaka Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa pia baba wa mtoto mwenye usonji, alipowapinga kwa ushahidi mwaka 1964. Mweleze mzazi huyo kwamba hakuna aliyemkosea mtoto, si yeye wala jirani. Uliza pia historia ya afya, kwa sababu utafiti uliofanywa hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2006 uliwaelezea watoto ambao baadhi yao dalili zilionekana baada ya malaria kali. Hilo halithibitishi kwamba malaria ndiyo chanzo, lakini mtoto wa namna hiyo anahitaji kuonwa na daktari, hasa kama ana degedege. Kisha weka mpaka mmoja usioyumba: dua na maombi ni hiari yake, lakini mtoto asinyweshwe kitu, asifukizwe moshi, asichanjwe chale, asifungwe kamba. Likitokea lolote kati ya hayo, hilo si la kuzungumza naye peke yake tena, ni la kupelekwa kwa mwalimu mkuu na kwa ustawi wa jamii.

Limebaki jambo la yule dada msaidizi na mwalimu mwenzako. Kuanzia muhula huu wafundishe kujaza lile daftari la safu tatu, na kadi za picha mzitengeneze pamoja, kila moja ikiwa na jina nyuma na mahali pake ukutani, ili siku utakapoondoka kwa miezi ya masomo ya darasani mvulana akute kadi zilezile zikishikwa na mikono anayoijua. Wakati huohuo andika ukurasa mmoja wenye swali lako la utafiti, watoto wangapi, lugha zipi, utapima nini na kwa muda gani, uutume kwa wasimamizi watatu katika vyuo viwili tofauti kabla dirisha la udahili halijafunguliwa. Yule atakayekurudishia ukurasa huo ukiwa umejaa maswali ndiye wa kumfuata.